Maganda ya .308 kwa mlenga shabaha: mwongozo kamili wa kuyaandaa kabla ya kuyajaza tena

Risasi ya bunduki imeundwa kwa vitu vinne, na vitatu kati yake hutumika mara moja basi. Baruti huungua, fataki (kikombe kidogo kinachoiwasha baruti) hulipuka, kichwa cha risasi huenda zake kutoboa karatasi. Ganda peke yake huanguka miguuni pako likiwa bado la moto, ukaliokota na kwenda nalo nyumbani. Ndiyo maana mtu anayetaka risasi tano zitue mahali padogo kama kifuniko cha soda, umbali wa yadi 100, huanza kwa kushughulikia ganda. Baruti na vichwa unavinunua vikiwa vimekwisha kulinganishwa kiwandani. Ganda lililokwisha kupigwa hulinganishwa na mikono yako, au halilinganishwi kabisa.

Naandika nikiwa Ohio, Marekani, jimbo lenye uwanja wa Camp Perry ambako mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Huku kujijazia risasi ni shughuli ya gereji kama useremala. Sheria ya serikali kuu haimdai leseni mtu anayejaza kwa matumizi yake. Anayejaza ili auze ndiye anayehitaji leseni ya utengenezaji. Kenya na Tanzania mambo ni mengine kabisa: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Hata maganda matupu usiyatie begini ukienda nyumbani likizo. Ofisa wa uwanja wa ndege hatakuwa na subira ya kusikiliza habari za klabu yako.

Mfano wangu ni .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ni ndugu wa 7.62×51 ya NATO. Vipimo nitakavyovitaja ni vya ganda hilo, la bunduki ya boliti, ile inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi. Ukiwa na kalibari nyingine, hatua ni zilezile lakini namba utafute zake.

Tukubaliane majina kwanza. Kitako ni sehemu ya chini yenye chapa ya kiwanda. Katikati ya kitako kuna kishimo kinachokaa fataki, na ndani ya kishimo kuna tundu la cheche, njia ya moto kwenda kwenye baruti. Juu ya kitako ni kiwiliwili, kisha bega lenye mteremko, kisha shingo inayoshika kichwa cha risasi, na mwisho mdomo. Chemba ni chumba cha bunduki linamolala ganda wakati wa kupigwa. Kalibu ni chombo cha chuma kigumu kinachofungwa kwenye mashine ya kubonyeza. Ganda likisukumwa ndani yake hurudi kwenye umbo.

Kuyatenga

Kaa mezani uyachambue maganda kama mtu anayechagua mchele. Kwanza tenga kwa chapa ya kiwanda. Lapua ya Finland peke yake, Winchester peke yake, Federal peke yake. Usichanganye kwa sababu eti yote yameandikwa .308. Unene wa kuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na ukuta mnene maana yake nafasi ndogo ndani. Baruti ileile katika nafasi ndogo huleta shinikizo kubwa. Maganda ya kijeshi, kama yale yenye herufi LC ya kiwanda cha Lake City huko Missouri, mara nyingi ndiyo manene zaidi. Kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwenye ganda la kiraia kinaweza kuvuka mpaka kwenye la kijeshi. Kila ukibadili aina ya ganda, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, upande tena kidogo kidogo.

Pili, tenga kwa idadi ya mara yaliyopigwa. Hili watu wengi hulidharau, na mimi naliweka juu ya mengi yanayosifiwa. Ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara sita si shaba moja tena. La pili limekakamaa, nalo litaishika risasi kwa nguvu tofauti. Mimi hununua maganda 100 mapya ya kundi moja, nayo huzeeka pamoja kama watoto wa rika moja: yote hupigwa mara ya kwanza kabla moja halijapigwa mara ya pili.

Tazama pia aina ya fataki. Chungulia ndani ya ganda kwa tochi ndogo. Ukiona tundu moja katikati, ni mfumo wa Boxer, unaojazika kirahisi. Matundu mawili madogo ni mfumo wa Berdan, na sindano ya kalibu yako itavunjika humo. Ajabu ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ndiyo iliyoushika mfumo wa Mwingereza.

Ukaguzi

Pitisha kila ganda chini ya taa. Ufa mdogo kwenye mdomo au shingo: tupa. Kitako chenye doa jeusi la moshi uliovuja pembeni mwa fataki: tupa.

Hatari inayojificha ni mpasuko wa juu ya kitako. Ganda likisukumwa bega nyuma kupita kiasi kila linapojazwa, hunyooka kila linapopigwa, na shaba hupungua unene mahali pamoja, kama robo inchi hivi juu ya kitako. Kwa nje utaona mduara unaong'aa, kwa ndani kuna mfereji. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, pinda ncha yake kama ndoano ndogo, inoe, kisha ipitishe ndani ukipapasa ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha. Likikatika ndani ya chemba, gesi ya shinikizo la hadi psi 62,000, yaani pauni kwa inchi ya mraba (ndiyo kikomo cha .308), hutafuta njia ya kutokea, na uso wako uko karibu.

Kila unalolitupa, lifinye kwa koleo kwanza. La sivyo litarudi kwenye rundo siku moja.

Kung'oa fataki na kuosha

Ng'oa fataki zilizopigwa kwa kalibu yake maalumu isiyogusa ukuta wa ganda, ili masizi yasiingie kwenye kalibu yako nzuri. Fataki nyingi zina kampaundi ya madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Vaa glavu, usile wala kuvuta sigara hapo, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wakae mbali na ndoo ya kuoshea.

Njia za kuosha ni nyingi. Pipa la mtetemo lenye chenga za magunzi ya mahindi hutoa ganda safi kavu, na hubakiza ndani ya shingo utando mwembamba wa kaboni ambao mimi naupenda, kwani husaidia risasi kuingia kwa ulaini. Pipa la maji lenye vijiti vya chuma hutoa ganda linalong'aa kama pete ya harusi, lakini shingo hubaki kavu mno. Kung'aa hakuongezi shabaha. Ukitumia maji, acha yakauke siku mbili, na hakikisha hakuna kijiti wala chenga iliyoziba tundu la cheche.

Jambo moja usilifanye: usitumie dawa ya kung'arisha shaba yenye amonia. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na mchanganyiko huo ukiwa na mkazo ndani yake hupasuka ukikutana na amonia. Waingereza waliligundua hilo kwa hasara huko India: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe majira ya mvua za masika ya huko. Sababu ilielezwa baadaye, mwaka 1921: ni amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi.

Maganda ya kijeshi yana kazi moja ya ziada. Kiwandani ukingo wa kishimo hubanwa kuzunguka fataki ili isichomoke ndani ya bunduki ya rashasha. Mbano huo lazima ukatwe kwa kikatio chake au usukumwe kwa kisukumio, mara moja tu katika maisha ya ganda. Usipouondoa, fataki mpya itaingia imepinda au isiingie.

Kuilegeza shaba kwa moto

Shaba ikipigwa, ikibanwa na kutanuliwa, hukakamaa. Shingo iliyokakamaa huruka nyuma baada ya kubanwa, kila ganda kwa kiasi chake, na hapo ndipo kasi za risasi zinapoanza kutofautiana bila sababu ya kuonekana. Moto huirudisha shaba kwenye ulaini wake. Wapo wanaofanya kila baada ya kupiga, wapo wanaosubiri mara tatu au nne. Chagua moja ushikamane nayo.

Mwenye fedha hununua mashine ya umeme. Mwingine hutumia bomba la gesi ya propani na drili ya betri inayozungusha ganda taratibu ndani ya kishikio. Ncha ya moto wa buluu ielekezwe kwenye makutano ya shingo na bega. Kwa kawaida ni sekunde chache, lakini usihesabu kwa kubahatisha: paka rangi ya kupima joto, ile inayoyeyuka kwenye kiwango maalumu, ya nyuzi 400 za Selsiasi ndani ya shingo, na nyingine ya nyuzi 230 hivi kwenye kiwiliwili chini ya bega. Unataka ya kwanza iyeyuke, ya pili isiyeyuke. Pata muda wako kwa maganda mawili matatu ya kutupa, kisha endelea kwa muda huohuo.

Fanya hivyo kwenye mwanga hafifu. Shingo ikiwaka rangi ya chungwa, umepitiliza. Shaba imekuwa laini kama bati na haitashika risasi. Kitako kisipate joto hata kidogo. Ugumu wa kitako ndio unaozuia ganda kupasuka, na kitako kikishalegea hakuna njia ya kukirudisha. Na kwa waliozoea uhunzi: kutumbukiza majini hakuifanyi shaba kuwa ngumu kama kunavyofanya kwa panga. Hupoza tu, na baadaye itabidi uyakaushe. Mimi huyaangusha kwenye sinia ya chuma.

Kurudisha umbo: hapa ndipo penye kazi

Ukiwa na saa mbili tu za kuandaa maganda, saa nzima itumie hapa. Ganda lililopigwa limetanuka likachukua umbo la chemba yako. Unachotaka ni kulibana kiasi cha kuingia na kutoka bila kukwama, na si zaidi ya hapo. Kwa bunduki ya boliti, bega lirudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002. Maelekezo yanayokuja na kalibu nyingi husema uizungushe hadi iguse kishika ganda, kisha uongeze robo duru. Hayo yameandikwa ili ganda liingie katika bunduki yoyote duniani. Wewe unatengeneza kwa bunduki moja.

Utahitaji kalipa (kipimo chenye taya mbili cha kupimia urefu na unene) na kipimio cha bega kinachofungwa kwenye kalipa. Chukua maganda matano yaliyopigwa kwenye bunduki yako, ng'oa fataki zake (fataki iliyovimba hudanganya kipimo), upime kila moja kutoka kitako hadi bega. Tuseme kubwa linasoma inchi 1.632. Namba hiyo yenyewe haina uzito, kwani kila kipimio husoma kivyake. Tofauti ndiyo unayoitafuta. Lengo lako ni 1.630.

Paka grisi ya kubania. Lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) iliyochanganywa na spiriti hufaa, au nta maalumu inayopakwa kwa kidole. Ikizidi begani huacha mabonyeo. Ikipungua kiwiliwilini ganda hunasa ndani ya kalibu. Ganda langu la tatu maishani lilinasa hivyo hivyo, kwa sababu nilidhani mawili ya mwanzo yameacha grisi ya kutosha. Kulitoa kulinigharimu jioni nzima, drili na maneno ambayo mke wangu alinikumbusha kesho yake.

Sasa funga kalibu ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, bana ganda, ufute, upime. Shusha kidogo, bana, pima. Hapa wengi hushtuka: badala ya kupungua, kipimo huongezeka, kinasoma 1.634. Usiogope. Kalibu inabana kiwiliwili kabla haijafika begani, na shaba iliyobanwa ubavuni hukimbilia juu. Endelea kushusha, ikigusa bega, namba itaanza kurudi. Uzi wa kalibu za kawaida una mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo duru moja kamili ni karibu inchi 0.071, na inchi 0.001 ni kama nyuzi 5 tu za duara. Weka alama ya kalamu kwenye kalibu na kwenye mashine ili uione hatua hiyo ndogo. Ukifika 1.630, kaza nati ya kufungia, bana mengine manne, pima tena. Yakitofautiana kwa zaidi ya inchi 0.001, shuku ukakamavu wa shaba au grisi isiyolingana kabla hujaishuku kalibu.

Ganda lililopigwa mara moja tu kwa baruti hafifu huenda halijajaza chemba. Subiri lipigwe mara mbili au tatu kabla ya kuamini kipimo chake.

Mkono nao una tabia. Vuta mpini kwa mwendo mmoja, tulia sekunde tatu chini, ndipo upandishe. Utashangaa jinsi utulivu huo mdogo unavyokusanya namba pamoja.

Shingo

Kichwa cha .308 kina kipenyo cha inchi 0.308. Ukuta wa shingo ukiwa na unene wa 0.014, shingo yenye risasi ndani yake itapima 0.336 kwa nje. Ukitaka ibane kwa inchi 0.002, kalibu yenye pete za kubadilisha itataka pete ya 0.334. Hesabu ni hiyo tu, lakini pima maganda yako mwenyewe.

Kalibu za kawaida hubana shingo kupita kiasi kisha huitanua kwa tunguu la chuma linalovutwa kutoka ndani wakati ganda linatoka. Tunguu hilo likipita kwenye shingo kavu huivuta na kuipinda. Ama paka unga wa grafiti ndani ya shingo, ama liondoe tunguu utumie kijiti cha kutanulia kinachoingia kutoka juu kikiwa peke yake kwenye hatua ya pili. Mimi hutumia kijiti cha 0.306, na shingo zangu zilinyooka tangu siku ile.

Kukata urefu

Futa grisi yote kwanza. Urefu wa juu kabisa wa ganda la .308 ni inchi 2.015, hukatwa hadi 2.005. Ganda refu kupita kiasi hubana mdomo wake kwenye mwisho wa chemba, risasi ikashindwa kuachiwa, na shinikizo likapanda ghafla. Kata baada ya kurudisha umbo, kamwe si kabla, kwani kubana ndiko kunakorefusha.

Mimi huyakata yote kila mara, hata yasiyovuka, ili shingo zote ziwe na urefu mmoja. Baada ya kukata, mdomo una ncha kali. Kwa ndani zungusha kikatio cha mshazari mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, uone mstari unaong'aa pande zote. Kwa nje gusa tu. Ukinoa mdomo ukawa kama wembe, utachubua kichwa cha risasi na mdomo utapasuka mapema.

Kishimo na tundu

Kaboni ya kishimoni iondoe kwa brashi au kikwanguo. Tundu la cheche lililotobolewa kwa kupigwa huacha makapi ya shaba upande wa ndani, yanayoweza kuelekeza moto upande mmoja. Kikatio kirefu kinachoingia kupitia mdomoni huyaondoa. Ni kazi ya mara moja, na kwenye maganda ya bei kubwa mara nyingi utakuta hakuna cha kuondoa.

Kupima uzito na kukereza shingo

Utawasikia watu wakipima maganda kwa mizani ya vito na kuyapanga kwa makundi. Sina ugomvi nao, ila uzito wa ganda si nafasi iliyo ndani yake. Sehemu ya tofauti hukaa kwenye ukingo wa kitako, usiohusika na baruti. Anayetaka ukweli hujaza maji hadi mdomoni na kupima maji. Kukereza shingo kwa nje ili unene ulingane kuna maana kwa bunduki ya mashindano iliyochongwa chemba finyu. Kwa bunduki ya dukani, yenye chemba pana, nilikereza maganda 50, nikayalinganisha na 50 ambayo sikuyagusa, na karatasi hazikunionyesha tofauti. Vidole vilionyesha malengelenge.

Fataki mpya na kisanduku

Weka fataki kwa chombo cha mkono ili uhisi inavyoingia. Ikae chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha kidole: ukihisi uvimbe, haijafika. Ikiingia bila ukinzani wowote, kishimo kimepanuka na ganda hilo limestaafu. Miwani ya usalama ivaliwe hapa, bila mjadala.

Kwenye kisanduku andika kiwanda, mara ngapi yamepigwa, kipimo cha bega, urefu, na lini yalipita kwenye moto. Kisanduku changu cha kwanza sikukiandika. Maganda yake 50 bado yako kwenye kopo la rangi gerejini, masafi, yamenyooka, na sijui yamepigwa mara tatu au mara kumi.